Rangi ya Nili na Hukumu ya Ukongwe: Uhakiki wa Kipimo cha Beta-galaktosidesi katika Seli na Tishu

Utangulizi

Mwaka 1995, jarida la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani lilichapisha makala ya kurasa tano yaliyoandikwa na Goberdhan Dimri, Judith Campisi na wenzao. Kichwa cha makala hayo kilitangaza kupatikana kwa alama ya kibiolojia inayozitambulisha seli kongwe za binadamu, zikiwa katika vyombo vya maabara na zikiwa katika ngozi ya mtu anayezeeka. Alama yenyewe ni rangi ya buluu. Seli huwekwa katika mchanganyiko wa kemikali, huachwa katika joto la nyuzi 37 za Selsiasi, na baada ya saa kadhaa baadhi yake hugeuka buluu ilhali nyingine hubaki bila rangi. Za buluu ndizo zinazosemwa kuwa kongwe. Tangu makala hayo yatoke, ni nadra kukuta andiko kuhusu ukongwe wa seli lisilo na picha ya seli hizo, na mara nyingi picha hiyo ndiyo inayobeba uzito mkubwa wa hoja.

Uhakiki huu unaichukulia picha hiyo kuwa hoja, na hoja huhojiwa. Kwamba rangi hutokea ni jambo lisilo na ubishi. Linalohojiwa ni kile rangi inachokisema hasa, na kile ambacho wasomaji wake wamekiongezea. Kuna sababu ya kuuliza. Kipimo hiki kimekwisha kuvuka mipaka ya maabara ya seli: sasa ni miongoni mwa vipimo vinavyotumika kuamua iwapo dawa fulani imeondoa seli kongwe katika mwili wa mgonjwa. Hukumu ikikosewa katika kisahani cha maabara, hasara ni ya karatasi. Ikikosewa katika kuchagua dawa ya kumpa mzee, anayelipa ni mzee.

Istilahi mbili zinahitaji kutenganishwa mapema. Uzee, katika uhakiki huu, ni hali ya mtu au ya mnyama mzima. Ukongwe ni hali ya seli iliyoacha kabisa kugawanyika ingawa bado ni hai. Leonard Hayflick na Paul Moorhead walieleza mwaka 1961 kwamba seli za kawaida za binadamu zinazokuzwa maabarani hugawanyika mara hamsini hivi, kisha husimama. Kwamba kusimama huko kwa seli kunahusiana na mvi na makunyanzi ya mwenye seli lilikuwa wazo la kuvutia kwa zaidi ya miaka thelathini, lakini halikuwa na njia rahisi ya kulipima ndani ya tishu. Makala ya 1995 yalidai kuileta njia hiyo.

Rangi inavyozaliwa

Kimeng'enya hakionekani. Hata kwa hadubini nzuri, seli yenye wingi wa kimeng'enya na seli isiyo nacho zinaweza kufanana kabisa. Kwa hiyo wataalamu wa kemia ya tishu walibuni hila: kimeng'enya hupewa dutu ya kushughulikia, yaani substreti, iliyotengenezwa kwa namna ambayo zao lake litakuwa na rangi na litaganda palepale lilipozalishwa. Gomori huko Marekani na Takamatsu huko Japani, kila mmoja kwa njia yake, walifanya hivyo mwaka 1939 kwa fosfatesi ya alikali: fosfati iliyoachiliwa ilinaswa na kalisiamu, kisha ikageuzwa kwa hatua kadhaa kuwa masizi meusi ya salfaidi ya kobalti. Mwaka 1944 Maud Menten, ambaye jina lake kila mwanafunzi wa biokemia hulikuta katika mlinganyo wa kasi ya vimeng'enya, alitoa pamoja na wenzake njia ya kukipata kimeng'enya hicho hicho kwa kutumia rangi za azo.

Tangu mwanzo hila hiyo ilikuwa na ufa. Preparati za Gomori zilionyesha weusi ndani ya viini vya seli, na kwa miaka mingi palikuwa na mjadala iwapo kimeng'enya hicho kweli kimo kiinini au ni zao lake lililosafiri na kuganda pasipo pake. Hoja ya kusafiri ilishinda. Kisa hicho kinafaa kukumbukwa kwa sababu kinaonyesha kwamba picha safi, yenye mipaka mikali, inaweza kuwa picha ya mahali ambapo zao lilitua badala ya mahali ambapo kazi ilifanyika.

Barrnett na Seligman mwaka 1951, na S. J. Holt kuanzia 1952, walitafuta dawa ya ufa huo katika nili. Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida ndogo, kwa kuwa neno analo na kitu chenyewe amekivaa. Nili iliyotia kaniki buluu yake nzito hutoka katika jani ambalo ndani yake hamna rangi. Jani huhifadhi dutu isiyo na rangi, iliyofungwa na sukari. Likilowekwa na kuvunda, kimeng'enya cha jani lenyewe hukata kifungo cha sukari, indoksili huachiliwa, na hewa ikiigusa, molekuli mbili za indoksili huungana kuwa nili. Kilichofanywa na wanakemia ni kuiga jani. Walichukua indoksili, wakaifunga kwa kundi ambalo kimeng'enya wanachokitafuta ndicho kinachoweza kulikata, kisha wakasubiri buluu.

Substreti inayotumika katika kipimo cha 1995, yaani X-gal, ni ya ukoo huo. Ni galaktosi iliyounganishwa na indoksili yenye atomu moja ya bromini na moja ya klorini. Jerome Horwitz na wenzake waliieleza mwaka 1964, mwaka uleule ambao Horwitz alitengeneza AZT akitafuta dawa ya saratani. Dawa hiyo haikufaa kwa saratani, na baada ya miongo miwili ikawa dawa ya kwanza iliyoidhinishwa dhidi ya virusi vya UKIMWI. Ni wachache miongoni mwa wanaozitumia dutu hizi mbili wanaojua kwamba zilitoka katika mikono ileile.

Atomu za bromini na klorini hazikuwekwa kwa urembo. Holt alikuwa ameonyesha kwamba zikiongezwa, nili hupatikana kwa haraka zaidi na katika chembe ndogo zaidi, na hivyo nafasi ya kusafiri hupungua. Lakini hupungua tu, haifutiki. Jambo ambalo vielelezo vingi hulipita kimya ni kwamba kimeng'enya hakitengenezi buluu. Hukata kifungo, basi. Indoksili iliyoachiliwa haina rangi na huyeyuka, na kuungana kwake kuwa nili ni kazi ya oksijeni ikisaidiwa na chumvi mbili za chuma, ferisianidi na ferosianidi ya potasiamu, zinazotiwa katika mchanganyiko ili kuharakisha. Chumvi hizo zikipungua, indoksili hutangatanga. Zikizidi, huweza kukizuia kimeng'enya chenyewe. Kwa hiyo ukali wa rangi unategemea mambo mawili yasiyo na uhusiano: kiasi cha kimeng'enya, na hali ya kemikali iliyokizunguka. Anayetazama picha huona jumla yake na kuiita kimeng'enya.

Namba sita

Beta-galaktosidesi si kimeng'enya cha ukongwe. Karibu kila seli ya binadamu inacho ndani ya lisosomu, vifuko ambamo seli humeng'enya takataka zake, na hufanya kazi vizuri zaidi katika asidi ya pH 4 hadi 4.5. Mchanganyiko ukiwekwa katika pH 4, karibu seli zote hugeuka buluu, changa kwa kongwe. Uvumbuzi wa Dimri na wenzake ulikuwa kupandisha pH hadi 6.0. Katika hali hiyo seli changa hazikuonyesha rangi, zile zilizofika mwisho wa kugawanyika zikaonyesha.

Namba hiyo ndiyo kitovu cha suala lote, na tafsiri zake mbili hutofautiana sana. Tafsiri ya kwanza husema kwamba seli kongwe zina kimeng'enya cha pekee, chenye kupendelea pH 6, ambacho seli changa hazina. Tafsiri ya pili husema kwamba kimeng'enya ni kilekile cha lisosomu, kikifanya kazi kwa shida katika pH isiyo yake; seli kongwe zina wingi wake kiasi kwamba hata sehemu ndogo inayobaki na uwezo hutosha kuonekana. Kwa tafsiri ya kwanza, pH 6 ni ufunguo wa mlango mmoja. Kwa tafsiri ya pili ni chekecheo tu: limewekwa matundu ya ukubwa fulani, na chochote kikubwa kuliko matundu hubaki juu, kiwe kinatafutwa au hakitafutwi.

Jina lililoenea, beta-galaktosidesi inayohusishwa na ukongwe, lilizaliwa na mazoea ya tafsiri ya kwanza. Ushahidi umeipa ushindi tafsiri ya pili. Mwaka 2000 Kurz na wenzake walionyesha kwamba kuongezeka kwa rangi katika seli za utando wa ndani wa mishipa ya damu hufuatana na kuongezeka kwa lisosomu zenyewe. Mwaka 2006 Lee na wenzake walimaliza ubishi kwa jaribio ambalo uzuri wake uko katika wepesi wake. Walichukua fibroblasti za wagonjwa wa gangliosidosisi ya GM1, maradhi ya kurithi ambayo jeni ya beta-galaktosidesi ya lisosomu ina kasoro. Seli hizo zilikuzwa hadi zikaacha kugawanyika. Zikawa kongwe kama nyingine, lakini hazikugeuka buluu. Walipoinyamazisha jeni hiyo katika seli za watu wasio na maradhi, ikawa vilevile: ukongwe ulikuja, rangi haikuja.

Basi kimeng'enya hakihitajiki ili seli ikongwe, na hakuna kimeng'enya kingine kinachojificha nyuma ya pH 6. Kinachopimwa ni shehena ya lisosomu.

Makala ya 1995 kama matini

Ni rahisi, baada ya hayo, kuyalaumu makala ya 1995 kwa makosa ambayo hayakuyafanya. Yakisomwa kwa utulivu, yana tahadhari zaidi kuliko sifa zake. Waandishi walijaribu seli zilizonyamaa kwa muda bila kukongwa, wakajaribu keratinosaiti zilizokomaa hadi mwisho, wakajaribu seli zisizokoma kugawanyika, na kote huko hawakuipata rangi. Kisha wakazirudisha baadhi ya seli zisizokoma katika hali ya kukoma, na rangi ikatokea. Huo ni mpangilio wa majaribio unaostahili heshima. Na sentensi inayofunga ikisiri inasema kwamba alama hiyo inatoa ushahidi kuwa seli kongwe huenda zipo na hujilimbikiza mwilini kadiri umri unavyosonga.

Neno la kushikwa ni huenda. Kichwa cha makala hakina neno hilo. Kichwa kina kitenzi cha kutambulisha, na kitenzi hicho hakina shaka. Katika kurasa tano, matini inaanza kwa uhakika na kumalizia kwa kusitasita, na historia ya kipimo hiki ni historia ya wasomaji waliokichukua kichwa wakaiacha sentensi ya mwisho. Lawama kwa waandishi ni ndogo lakini ipo: waliofunga kwa huenda wangeweza kuanza kwa huenda. Lawama kubwa ni ya wanaonukuu bila kusoma.

Kiswahili kina methali inayolifaa suala hili kuliko maelezo marefu ya takwimu: dalili ya mvua ni mawingu. Methali haisemi kwamba kila wingu ni mvua. Mkulima anayejua mawingu huyatofautisha yale ya mvua na yale ya kupita, na hatoi mbegu ghalani kwa kuwa ameona kivuli. Hoja iliyohalalishwa na makala ya 1995 ni kwamba seli kongwe huwa za buluu. Hoja inayotumika katika maandiko yaliyofuata ni kwamba seli za buluu ni kongwe. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili hakuna daraja, ila kwa aliyethibitisha kwamba hakuna kingine kinacholeta buluu.

Mawingu yasiyo na mvua

Kinacholeta buluu kingine kipo, tena kingi. Severino na wenzake mwaka 2000 waliupeleka mtihani palepale makala ya awali yalipodai ushindi. Waliona kwamba fibroblasti zilizoachwa zikajaza chombo na kubanana zinaweza kugeuka buluu bila kuwa zimefika mwisho wake. Walipotazama ngozi za watu wa umri mbalimbali, hawakuona uhusiano kati ya rangi na umri wa mwenye ngozi. Matokeo hayo yanapingana na ya 1995 ana kwa ana, na inashangaza jinsi yanavyotajwa kwa uchache na watu wanaoyataja yale mengine kila mara.

Ikiwa kipimo hupima shehena ya lisosomu, basi seli ambazo kazi yake ya kila siku ni kumeng'enya zitarajiwe kuwa za buluu, ziwe kongwe au la. Ndivyo ilivyo. Osteoklasti, seli zinazokula mfupa ili mfupa mpya ujengwe, huonyesha rangi hiyo kwa nguvu, na mwaka 2007 Kopp na wenzake waliona haja ya kuwaonya wachunguzi wa uboho wasizihesabu kuwa kongwe. Makrofaji, seli zinazomeza bakteria na mabaki ya seli nyingine, nazo humo. Mwaka 2016 Hall na wenzake walionyesha kwamba sehemu ya seli zinazoongezeka katika panya wanaozeeka, zenye rangi ya buluu na zenye protini p16, ni makrofaji. Jambo la p16 ni zito kuliko linavyoonekana. Protini hiyo ndiyo shahidi wa pili ambaye watafiti humwita pale shahidi wa kwanza anapotiliwa shaka. Mashahidi wawili wanaokosea kwa pamoja, kuhusu seli ileile, wana thamani ndogo kuliko wawili waliojitegemea.

Hapa ndipo dawa zinapoingia. Mwaka 2015 Zhu na wenzake walipendekeza muungano wa dasatinibu, dawa ya saratani ya damu, na kwersetini, dutu ya mimea, kuwa tiba ya kuua seli kongwe kwa kuchagua. Mwaka 2019 kikapatikana kiripoti cha awali cha Hickson na wenzake kuhusu wagonjwa tisa wenye maradhi ya figo yatokanayo na kisukari. Baada ya tiba fupi, mafuta ya chini ya ngozi yao yalikuwa na seli pungufu zenye p16, pungufu zenye p21 na pungufu za buluu. Ripoti hiyohiyo inaeleza kwamba makrofaji katika mafuta hayo nazo zilipungua. Waandishi wanalisoma hilo kama uthibitisho: makrofaji huvutwa na seli kongwe, basi zikiondoka kongwe, wageni wao huondoka. Usomaji huo unawezekana. Unawezekana pia usomaji mwingine, kwamba dawa yenye kuathiri seli nyingi ilipunguza makrofaji, na kwa kuwa makrofaji zenyewe huwa za buluu na hubeba p16, hesabu za viashiria hivyo viwili zikashuka pamoja nazo. Picha ya buluu peke yake haiwezi kuamua kati ya usomaji huu na ule. Kinachoweza kuamua ni kutia tishu ileile alama ya makrofaji na rangi ya nili kwa pamoja, kisha kuhesabu zile za buluu zisizo makrofaji. Upungufu wa p21 unaupa usomaji wa kwanza nguvu kiasi. Lakini kwa idadi ya wagonjwa tisa, nguvu hiyo haiwezi kubeba maelfu ya wazee.

Kuhesabu na kungoja

Mbali na maana ya rangi, upo udhaifu wa mkono. Makala ya 1995 yanaeleza kwamba rangi huanza kuonekana baada ya saa 2 hadi 4 na hufikia kilele baada ya saa 12 hadi 16. Kati ya namba hizo kuna nafasi ya kutosha kwa mtafiti kupata asilimia anayoitaka bila kudanganya hata kidogo. Anayesimamisha jaribio saa ya nne ana seli chache za buluu; anayelilaza hadi asubuhi ana nyingi. Maandiko mengi husema usiku kucha, kana kwamba usiku ni kipimo. Na kwa kuwa rangi huongezeka polepole, mpaka kati ya seli ya buluu na seli isiyo ya buluu umo machoni mwa anayehesabu, ambaye kwa kawaida anajua kisahani kipi ni cha seli changa. Tasnifu inayotoa asilimia bila kutaja saa, bila kusema nani alihesabu na kama alijua anachokihesabu, haijatoa kipimo.

Kosa jingine la kawaida ni kuweka visahani katika kabati la kukuzia seli lenye kaboni dayoksaidi, kwa kuwa ndilo kabati lililopo lenye joto la nyuzi 37. Gesi hiyo huyeyuka katika mchanganyiko na kuushusha kuelekea asidi. Mchanganyiko uliopaswa kuwa wa pH 6 huteremka, chekecheo hupanuka matundu, na seli changa huanza kubadilika rangi. Jedwali la matokeo halitaonyesha lolote kati ya hayo. Ndiyo maana kisahani cha seli changa zinazogawanyika ni cha lazima katika kila jaribio, pamoja na kingine katika pH 4 cha kuthibitisha kwamba substreti na kimeng'enya vyote vilikuwa hai.

Haya yote hayaondoi thamani ya kipimo, na mhakiki asiyekiri thamani hiyo atakuwa hajawahi kufanya kazi katika maabara yenye bajeti ndogo. Kipimo cha nili hakihitaji kingamwili za bei kubwa wala mashine ya kusoma jeni. Kinahitaji substreti, bafa, chumvi mbili, kabati la joto na hadubini ya kawaida. Huweza kufanywa kwa seli moja moja, mahali zilipo, jambo ambalo vipimo vya kusaga tishu nzima haviwezi. Katika seli za aina moja zinazokuzwa maabarani, zikiwa na kisahani linganishi, bila kubanana na bila kunyimwa seramu, bado ni kipimo kizuri. Wataalamu waliokubaliana mwaka 2019, Gorgoulis akiwa wa kwanza katika orodha ya waandishi, hawakukitupa; walitaka kiambatane na vingine: kukosekana kwa alama za kugawanyika, kupungua kwa lamini B1, kuwepo kwa p16 au p21, na dalili za seli kutoa kemikali za uvimbe. Udhaifu wa pendekezo lao ni kwamba orodha ikiwa ndefu, kila mtafiti huchagua viashiria viwili vilivyomfaa.

Maelezo ya picha

Katika Kiswahili suala hili lina sura yake, kwa kuwa istilahi bado zinaundwa na aliyetangulia kutafsiri huwa ameamua kwa niaba ya wengi. Kiashiria cha ukongwe kikiandikwa alama ya uzee, makosa mawili yamekwisha kufanyika kabla msomaji hajafika kwenye picha. Kwanza, hali ya seli imefanywa hali ya mtu. Pili, alama katika matumizi ya kawaida ni kitu kilichowekwa makusudi ili kutambulisha, kama chapa juu ya ng'ombe. Ng'ombe mwenye chapa ni wa mwenye chapa, hakuna mjadala. Dalili haina nguvu hiyo. Dalili hupimwa pamoja na nyingine, kama tabibu anavyofanya na homa. Neno dalili lingetosha, na lipo tangu zamani.

Vivyo hivyo kwa maelezo yanayowekwa chini ya picha. Yanayosema seli zilizozeeka yanatoa hukumu. Yanayosema seli zenye nili baada ya saa 14 katika pH 6.0 yanaeleza kilichoonekana na kumwachia msomaji haki ya kuuliza. Maneno yameongezeka machache, nafasi ipo.

Tishu za hospitali

Suala la mwisho linazihusu zaidi hospitali kuliko maabara za seli. Kimeng'enya hakistahimili njia ya kawaida ya kuhifadhi vipande vya tishu. Fibroblasti katika kisahani huhifadhiwa kwa dakika 3 hadi 5 tu katika formaldehidi ya asilimia 2 na glutaraldehidi ya asilimia 0.2, na hapo kimeng'enya hubaki na uwezo. Kipande cha ngozi au cha ini kinachotoka katika chumba cha upasuaji hulala ndani ya formalini kwa saa nyingi, kisha hupitishwa katika alkoholi na kufunikwa kwa nta ya moto. Kikitoka huko, hakuna kinachoweza kukata kifungo cha X-gal. Kwa hiyo makabati yote ya nta katika idara za patholojia, yenye tishu za miongo kadhaa na kumbukumbu za magonjwa ya wenye tishu, yamefungwa kwa kipimo hiki. Kinahitaji tishu mbichi iliyogandishwa mara moja, na kugandisha kunahitaji naitrojeni ya kimiminika au friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na umeme usiokatika.

Kwa kuliona hilo, Georgakopoulou na wenzake mwaka 2013 walipendekeza Sudani nyeusi B, rangi ya bei nafuu inayoshika lipofusini, masalio ya mafuta na protini yanayojikusanya katika lisosomu za seli kongwe. Lipofusini haihitaji kimeng'enya kilicho hai, hivyo tishu ya nta hufaa, hata ya miaka mingi. Ni hatua kubwa kwa idara isiyo na friza. Hata hivyo lipofusini hujaa pia katika neva za ubongo na katika misuli ya moyo ya mtu mzima, seli ambazo nyingi ziliacha kugawanyika muda mrefu kabla ya uzee na kwa njia isiyo ya Hayflick. Ikiwa neva hizo zihesabiwe kuwa kongwe, au zihesabiwe kuwa zimetimiza kazi yake na kubaki na taka za kazi hiyo, ni swali ambalo Sudani nyeusi inalileta upya kwa weusi badala ya buluu.